Kiboksi cha shemeji hakitakuonyesha mvua ya Pemba

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa nakula. Unasema una leseni ya urubani binafsi, wewe na ba'mdogo wako mna ndege ndogo ya Cessna 182 hapo uwanja wa Tanga, mnakwenda Pemba na Unguja, mara mojamoja Arusha, na shemeji yako aliyeko Texas anakuja mwezi wa 12 na kasema anaweza kukuletea kile kiboksi cha kubandika kwenye kioo cha ndege kinacholeta mvua kwenye iPad, vipo vya aina mbili, kimoja ukishakinunua hulipii tena kitu na kingine unalipia kila mwezi, sasa uchague kipi. Kama unachokitafuta ni mvua basi usichague hata kimoja. Hilo ndo jibu fupi, refu linafuata, chukua chai yako kabisa.

Watu wengi wanaamini kile kiboksi kinaiona mvua. Hakioni chochote. Ni redio tu, haina tofauti na ile ya babu ya kusikilizia taarifa ya habari, inapokea kinachorushwa na mtu mwingine huko, na huyo mtu asiporusha inabaki inakoroma. Kile cha bure, mfano Stratus au Sentry, kinasikiliza huduma inaitwa FIS-B, inarushwa na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kwenye masafa ya megahezi 978, kutoka minara ya ardhini zaidi ya 600 iliyotapakaa nchi yao, na picha yenyewe ya mvua inatengenezwa kutokana na rada zao za NEXRAD ambazo ziko kama 160. Kile cha kulipia, mfano Garmin GDL 52, kinasikiliza SiriusXM, na hizo ni satelaiti zilizoegeshwa juu ya Amerika zinamulika kwao, huku kwetu hazimuliki. Sasa we kaa Raskazone na kiboksi chako kichwani uzunguke nacho mpaka Chumbageni, hakuna mnara wa 978 utakaokujibu. Kitawaka taa ya kijani, kitaunganika na iPad vizuri kabisa, kile kipengele cha hali ya hewa kitakaa kitupu, na kwa mgeni utupu ule unaonekana kama anga safi. Hapo ndo pananitisha mimi.

Si kwamba kiboksi ni kibovu. Ukiwa nacho hapa bado kitakuonyesha ndege zingine zinazojitangaza kwa ADS-B kwenye megahezi 1090, maana hizo zinaongea moja kwa moja hewani bila kupitia mnara, na kuelekea Unguja zipo za kutosha. Kina GPS nzuri. Sentry ina na kengele ya kaboni monoksaidi, utasema nani Tanga anawasha hita, kweli, lakini bomba la moshi likipasuka ule moshi haungoji hita, unapenya hata kwenye matundu ya pedeli. Kwa hiyo ni kifaa cha maana, ila sio cha mvua.

Utaniuliza mbona na sisi tuna rada. Tunazo, TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wana rada Dar es Salaam, ipo Mwanza, ipo Mtwara, na kazi yao naiheshimu. Lakini rada kuwepo ni jambo moja, na mtu kuichukua ile picha akairusha hewani mpaka iingie kwenye kokpiti ya 182 iliyo futi 4,500 juu ya bahari ni jambo lingine kabisa, na hicho kipande cha pili ndo kwetu hakipo. Ndo maana kila anayeniuliza anunue kifaa gani huwa namrudishia maswali mawili, nani anakurushia hiyo picha, na ikikufikia itakuwa na umri gani.

Hilo la umri nalikalia kidogo maana hata Wamarekani wenyewe na minara yao yote liliwauma. Mwaka 2012 bodi yao ya usalama wa usafiri, NTSB, ilitoa tahadhari kwa marubani kwamba ile picha ya NEXRAD inayoonekana kwenye kokpiti inaweza kuwa ya zamani kwa hadi dakika 20 zaidi ya umri unaoandikwa kwenye skrini. Sababu ni kwamba picha inaungwa kutoka rada nyingi, na saa inayoandikwa ni ya pale ilipoungwa, sio ya pale rada ilipoona ile mvua. Yani unasoma dakika 1 kumbe ni 20. Wapo waliojaribu kupenya kwenye uwazi uliokuwa umeshajifunga, wakaingia moja kwa moja kwenye radi, wakafa. Na wingu la radi likiamua kukua halichukui muda, dakika 15, 20, limeshatoka kuwa pamba nyeupe likawa kitu cha kukimbia. Sasa piga hesabu yako we mwenyewe, 182 inakwenda kama kilomita 4 kwa dakika, picha ya nusu saa iliyopita ni kilomita 120, na Tanga mpaka uwanja wa Unguja ni kama kilomita 125. Yani toka hiyo picha ipigwe ungeweza kuwa umeshafika.

Mimi yalinikuta, na sitaki kujifanya mjuzi. Ilikuwa masika, mwezi wa nne, niko na Cessna 206 na abiria watatu tunakwenda Unguja asubuhi, tableti mkononi, nimeshusha picha ya satelaiti pale chini kabla ya kuwasha injini. Kwenye picha kuna doa kubwa jekundu baharini upande wa kushoto, kuna jingine nchi kavu, katikati kuna njia safi kabisa inashuka usawa wa Pangani kwenda kusini, unaipitia hata umefumba jicho moja. Nikaruka. Kufika mdomo wa mto Pangani nainua macho mbele, ile njia haipo. Kuna ukuta wa rangi ya chungu kilichoungua, chini yake bahari imegeuka nyeupe, jahazi moja limeshusha tanga linakwenda kwa kuyumba. Nikaitazama tableti, njia safi. Nikatazama nje, ukuta. Abiria wangu wa mbele, mama mmoja mtu mzima, akaniuliza kwa upole baba hiyo simu yako inasemaje? Nikageuza. Tumerudi Tanga tumekaa kwenye benchi, mvua inapiga bati huwezi kuongea, na ndo nikaona picha mpya inaingia kwenye tableti, inaonyesha vizuri kabisa ule ukuta tuliokwisha uona kwa macho.

Toka siku ile ninachosoma kwanza kwenye picha ni saa yake, rangi baadae. Na hapa kuna mtego wetu sisi Waswahili, saa ya picha inaandikwa kwa Zulu, yani ile saa moja ya dunia nzima wanayotumia marubani, Zulu 0415 kwa saa ya ukutani hapa ni 7:15 asubuhi, ambayo sisi tunaita saa moja na robo. Kijana mmoja wa hapa uwanjani aliisoma 0415 akajua ni saa kumi na robo alfajiri, akaitupa picha nzuri iliyokuwa na dakika kumi tu. Njia rahisi, kwa saa zetu za mchana toa 3, Zulu ya saa 4 ni saa 1, Zulu ya saa 9 ni saa 6 mchana, basi.

Sasa nani anaturushia sisi? Aliyepo juu yetu ni Meteosat. Wazungu wa EUMETSAT, shirika la Ulaya la satelaiti za hali ya hewa, wana satelaiti kwa ajili ya Bahari ya Hindi imekaa juu ya ikweta nyuzi 45.5 mashariki, na Tanga tuko nyuzi 39 mashariki na 5 kusini, kwa hiyo inatutazama karibu utosini, picha mpya kila dakika 15. Ipo na mpya zaidi, Meteosat-12, ilirushwa Desemba 2022, imekaa nyuzi 0, inapiga kila dakika 10 na ina kamera ya kuona radi. Picha hizi unazipata kwenye simu, kwenye Windy zipo, na programu nyingine nyingi zinazitumia. Lakini jihadhari na programu zinazoandika neno rada halafu zinakuonyesha mvua mpaka katikati ya mkondo wa Pemba, jiulize rada gani hiyo iko wapi, mara nyingi ni makadirio yaliyopikwa kutoka satelaiti au hata utabiri tu wa kompyuta, wamepaka rangi zilezile za kijani na nyekundu na we unaamini.

Na hata picha halisi ya satelaiti ujue inaona nini. Ile ya infraredi inapima ubaridi wa juu ya wingu. Wingu la radi likifika juu linatandaza kichwa kama mwavuli, ule mwavuli ni wa baridi kali, unapakwa rangi nyekundu au nyeupe tupu, na unaweza kufunika kilomita nyingi ambazo chini yake hakuna hata tone. Hiyo ni hasara ndogo, utazunguka bure. Kubwa ni kinyume chake. Mvua zetu za pwani, zile zinazokuja toka baharini alfajiri mwezi wa nne na wa tano, wingu lake mara nyingi halipandi juu sana, juu yake hata barafu hakuna, satelaiti inaliona la uvuguvugu inalipaka kijivu cha kawaida, na chini yake maji yanamwagika huoni hata pua ya ndege. Mtu wa vitabu anatazama kijivu anasema kumetulia. Mvuvi wa Kigombe anatazama baharini anaacha ngalawa mchangani. Kwa hiyo jua likishatoka fungua ile picha ya mwanga wa kawaida, sio infraredi tu, saa moja na nusu asubuhi jua bado liko chini utaona minara ya mawingu inapiga vivuli, na kivuli kirefu maana yake mnara mrefu. Usiku picha hiyo haipo, na wewe na leseni yako ya mchana usiku haukuhusu.

Arusha ni habari nyingine. Asubuhi mvua inakaa baharini, mchana upepo wa bahari unasukuma unyevu bara, unagonga Usambara, kufika saa nane Lushoto na Amani hazionekani. Ukienda Arusha ondoka asubuhi urudi asubuhi ya pili, hapo hata ungekuwa na kifaa cha dola elfu kumi ningekuambia hivyohivyo.

Haya, picha inakufikiaje ukiwa hewani. Bando la simu litakuangusha. Utapata mtandao ukiwa chini chini na karibu na pwani, maana antena za minara zimeinamishwa kumulika watu walioko ardhini sio wewe, ukipanda inakatika, inarudi, inakatika, na katikati ya Tanga na Pemba, kilomita 80 hivi uwanja kwa uwanja na nyingi zake ni maji, usiitegemee. Kwa safari zenu hizi mimi nasema bando linatosha ukilitumia chini. Dakika kumi kabla ya kuwasha injini shusha picha mbili zilizofuatana, sio moja, ile ya sasa na ya nusu saa nyuma, uone madoa yanakua au yanakufa na yanakwenda wapi. Soma METAR na TAF, yani hali ya hewa ya uwanja ya sasa na utabiri wake, za Zanzibar, Dar na Mombasa. Ongea na wale wa TMA hapohapo uwanjani, ni watu wanapenda kuulizwa. Halafu mpigie mtu aliyeko Pemba umwambie atoke nje atazame mashariki na kaskazini. Usicheke. Safari ya dakika 20 na ushee, mtu mwenye macho upande wa pili anashinda kifaa chochote ninachokijua.

Ukianza kwenda mbali zaidi, Mtwara, Tabora huko, ndo fikiria kifaa cha satelaiti za Iridium. Zile ziko 66, zinazunguka dunia nzima, hazijali uko Texas au Handeni. Kuna kampuni ya Ujerumani inaitwa Golze inatengeneza vifaa vya ADL hasa kwa ndege ndogo, unaomba hali ya hewa kupitia Iridium inakuja kwenye iPad. Kasi yake ni ya kobe, Iridium ya kawaida ni kilobiti 2.4 kwa sekunde, kwa hiyo picha zinabanwa kuwa ndogondogo na unalipia matumizi, unaomba kile kipande cha njia yako tu, sio Afrika nzima. Kabla ya kulipa waulize wakuonyeshe nini hasa wanatoa kwa pwani ya Tanzania, rada ya Ulaya haikuhusu. Garmin inReach nayo ni Iridium, ya bei nafuu, watu wengi wananiuliza, ila hali ya hewa inayokupa ni utabiri, haikuambii mvua iliyoko pale sasa hivi. Faida yake mimi naiona kwingine, unaweza kumwandikia meseji yule mtu wako wa Pemba ukiwa katikati ya maji na akakujibu, na ina kitufe cha SOS. Kwa ndege ya injini moja juu ya bahari hiyo peke yake inatosha kuinunua.

Kuna na vile vidude vya mkononi vya kunusa radi. Vinavutia kwa sababu havimtegemei mrushaji yeyote, vinasikia radi yenyewe. Nimejaribu kimoja, ndani ya ndege ya pistoni kinasikia magneto zako zinazopiga cheche za injini na alteneta yako kabla ya radi, kilinitangazia dhoruba tukiwa tumeegesha injini inawaka juu jua kali. Vile vinavyofungwa kwenye ndege na antena yake na fundi ni kitu kingine, ila hapo tena sio cha kubeba mkononi.

Tableti yenyewe, maana nahisi hapo ndo hela yenu itakwenda. Chukua iPad mini, ile kubwa inaziba vipimo ukiifunga kwenye usukani. Chukua yenye sehemu ya laini hata kama hutaweka laini, kwa sababu ya waifai tupu haina GPS ndani, na watu wanalia kila siku kwa kosa hilo. Joto: Apple wenyewe wanasema itumike kwenye nyuzi 0 mpaka 35, na Tanga mwezi wa pili ukiiacha juu ya dashibodi wakati unakagua mafuta inakuwekea kile kipimajoto chekundu inazima, na huwezi kuibembeleza. Mimi naifunga chini kwenye paja, pakiwa na kivuli, na kava la nyuma nalitoa ipumue. Miwani yako ya jua kama ni polaroidi ivae ukiwa bado dukani uigeuze iPad kulala na kusimama, ukiona giza upande mmoja ujue. Na chaja, tafadhali, usichukue ya buku tano ya kwenye bodaboda, zinapiga kelele kwenye redio mpaka humsikii mwongoza ndege, nimeshawahi kutafuta ubovu wa redio ya mteja siku mbili nzima kumbe ni chaja. Na uangalie ndege yenu ni volti ngapi, 182 za zamani ni 14 na za baadae ni 28, chaja ya gari ya volti 12 tu ukiichomeka kwenye 28 utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Kwa hiyo mpigie shemeji leo kabla hajalipa. Mwambie aache kiboksi, alete iPad mini ya laini, chaja inayokubali volti 12 mpaka 28 ya jina linalojulikana, na hela ikibaki inReach. Kama kiboksi cha bure ameshakinunua basi asihangaike kukirudisha, akilete, kitawaonyesha ndege nyingine na kitalinda mapafu ya ba'mdogo. Ila kile cha kulipia kila mwezi asifungue akaunti kabisa, maana kadi ni yake na mvua utakayolipia ni ya Texas.